Udongo wa Msitu wa Kakamega na hesabu ya uvunaji wa miti

KATIKA vijito vinavyotiririka kuzunguka mji wa Kakamega, wapo watu ambao hadi leo huosha mchanga kwa karai wakitafuta chembe za dhahabu. Dhahabu hiyo ilikuwa imefungwa ndani ya mishipa ya jiwe gumu liitwalo kwatzi, na ikafunguka kidogo kidogo kadiri mwamba ulioizunguka ulivyochakaa kwa mvua, joto na mizizi ya miti, katika muda usiopimika kwa umri wa binadamu.

Kuchakaa huko huko kwa mwamba ndiko kulikozaa udongo unaoubeba Msitu wa Kakamega. Tofauti ni kwamba dhahabu haiyeyuki katika maji ya mvua, hivyo hubaki pale pale. Potasiamu, kalsiamu na magnesiamu, ambazo ni chakula cha mimea, huyeyuka na kwenda zake na maji. Ndipo linapozuka swali linalomhusu kila mwenye shamba la miti, kubwa au dogo: mti unapokatwa na kupakiwa kwenye lori, chakula kilichomo ndani yake kitarudishwa ardhini na nini, na baada ya muda gani?

Msitu wenyewe

Msitu wa Kakamega uko magharibi mwa Kenya, chini ya mteremko wa Nandi. Eneo lake lililotengwa ni takriban kilomita mraba 240, ingawa si lote lililofunikwa kwa miti ya kiasili. Sehemu kubwa iko kati ya mita 1,500 na 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mvua inayonyesha kwa mwaka hukaribia milimita 2,000. Mito ya Yala na Isiukhu hupita humo. Wanasayansi huuhesabu kuwa pande la mwisho, upande wa mashariki, la misitu ya mvua ya Afrika Magharibi na bonde la Kongo.

Ulitangazwa kuwa msitu wa kulindwa mwaka 1933. Mwaka 1967 maeneo ya Yala na Isecheno yalifanywa hifadhi za viumbe ndani ya msitu huo, na mwaka 1985 sehemu ya kaskazini ya Buyangu, pamoja na kipande cha Kisere, ikawa hifadhi ya taifa. Leo sehemu hiyo ya kaskazini husimamiwa na shirika la wanyamapori la KWS, nayo ya kusini husimamiwa na shirika la misitu la KFS.

Ukataji wa miti una historia ndefu hapo. Dhahabu ilipogunduliwa mwanzoni mwa miaka ya 1930, wachimbaji walimiminika Kakamega, na migodi ikahitaji nguzo za kuegemeza mashimo pamoja na kuni za kuendeshea mitambo. Mgodi wa Rosterman, uliokuwa mkubwa kuliko yote, uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Wapasua mbao nao waliifuata miti migumu yenye thamani, hasa tiki ya Elgon. Mahali pa miti iliyokatwa, Idara ya Misitu ilipanda misaipresi, misonobari na mikaratusi, pamoja na baadhi ya miti ya kiasili. Katika miaka ya 1980 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti ya kiasili katika misitu ya umma. Hata hivyo, haja ya mbao, nguzo na kuni haikupungua. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Kaunti ya Kakamega ina zaidi ya watu milioni 1.8, na wengi wao hupikia kuni.

Mwamba unavyogeuka kuwa udongo

Kuchakaa kwa mwamba si mmomonyoko wa udongo. Mmomonyoko ni udongo kuhamishwa na maji au upepo kutoka mahali ulipo. Kuchakaa ni mwamba kuvunjika na kubadilika pale pale ulipo, bila kusogea.

Mvua inapopita hewani hunyonya kiasi kidogo cha hewa ya ukaa na kuwa asidi dhaifu. Ikiingia ardhini, asidi hiyo huongezeka nguvu, kwa sababu mizizi na vijidudu hupumua na kuijaza hewa hiyo katika matundu ya udongo. Mizizi na kuvu zinazoishi nayo kwa ushirika hutoa pia asidi nyingine za kimea zinazotafuna uso wa mawe. Ndiyo maana chini ya msitu mwamba huchakaa kwa kasi kuliko kwenye uwanda mtupu wenye mvua na joto sawa.

Asidi hizo zinapolikabili jiwe lenye madini ya felspa, huling'oa potasiamu, kalsiamu na sodiamu, na kinachobaki hupangika upya na kuwa udongo wa mfinyanzi. Jiwe lenye apataiti hutoa fosforasi. Madini hayachakai kwa mwendo mmoja. Mwaka 1938 mwanajiolojia wa Marekani, Samuel Goldich, aliyapanga kwa mfuatano: olivini, inayopatikana kwa wingi katika mawe ya volkano, huchakaa mapema, na kwatzi huwa ya mwisho. Mahali ambapo kuchakaa kumedumu mno, hubaki kwatzi, mfinyanzi aina ya kaolini, na oksidi za chuma na alumini. Chuma hicho ndicho kinachoupa udongo rangi nyekundu inayojulikana na kila mtu aliyepita barabara za Kakamega wakati wa masika.

Nitrojeni pekee haifuati njia hii. Sehemu kubwa ya nitrojeni ya udongo hutoka hewani, ikinaswa na vijidudu, vikiwemo vile vinavyoishi katika mizizi ya jamii ya mikunde. Vyakula vingine vikuu vya mti chimbuko lake ni jiwe, au vumbi na mvua vinavyoletwa kutoka kwingine.

Udongo mkongwe, msitu mnene

Miamba ya eneo la Kakamega ni miongoni mwa mikongwe zaidi nchini Kenya, ikikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Humo mna mawe ya volkano za kale, mawe yaliyotokana na matope na mchanga, na matale ya graniti. Juu ya miamba hiyo umetanda udongo wenye kina kirefu, wa mfinyanzi, uliooshwa na mvua kwa muda mrefu. Kipimo chake cha asidi kwa kawaida huwa chini ya pH 5.5.

Hapa ndipo wengi hukosea. Mtu akiona msitu mnene na miti mirefu hudhani ardhi iliyo chini yake ina akiba kubwa ya rutuba. Katika udongo mkongwe wa nchi za joto mara nyingi mambo huwa kinyume. Madini yanayochakaa kwa urahisi yamekwisha katika kina kinachofikiwa na mizizi mingi, na mwamba mbichi uko mita kadhaa chini. Chakula cha mimea hukaa zaidi ndani ya miti yenyewe na katika tabaka jembamba la juu lenye mboji. Jani huanguka, mchwa na kuvu hulivunja, mizizi midogo inayotambaa karibu na uso wa ardhi hukinyonya tena kilichotoka, na jani jipya huota. Kwa hiyo msitu huishi zaidi kwa kukizungusha kile kile ulicho nacho, na mwamba hujazia kidogo tu mahali palipopungua.

Hali huwa tofauti katika maeneo yenye mawe ya volkano yaliyo machanga zaidi kwa umri wa kijiolojia, kama vile miteremko ya Mlima Kenya. Huko udongo mwingi bado una madini yanayoweza kuchakaa, na shamba la miti lina akiba ya kukopa. Kanuni ya uvunaji iliyofaa mlimani si lazima ifae Kakamega.

Mti mmoja unaojulikana na mafundi seremala unaonyesha jinsi mimea inavyoweza kuhodhi madini. Msumeno unapopasua gogo la mvule, mara nyingine hukutana na jiwe gumu ndani ya mbao, likautia pengo. Jiwe hilo ni kalsiamu kaboneti, jamii moja na chokaa. Uchunguzi uliofanywa nchini Côte d'Ivoire na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa mvule hujikusanyia kalsiamu katika umbo la oksaleti, kisha bakteria na kuvu huigeuza kuwa kaboneti ndani ya mti na katika udongo unaouzunguka, hata pale ambapo udongo wa jirani una asidi. Mvule uking'olewa, ghala hilo la kalsiamu huondoka nao.

Mashamba yaliyofyekwa

Kinachotokea mzunguko huo ukikatwa kimepimwa magharibi mwa Kenya. Watafiti wakiongozwa na Joseph Kimetu walilinganisha mashamba yaliyofyekwa kutoka msituni kwa nyakati mbalimbali, kuanzia miaka 5 hadi miaka 105 iliyopita, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2008. Mavuno ya mahindi yalishuka kwa asilimia 66 katika miaka 35 ya mwanzo ya kulimwa mfululizo. Baada ya hapo yalibaki chini, kwenye takriban tani 3 kwa hekta, hata mashamba yalipopewa mbolea kamili ya nitrojeni, fosforasi na potasiamu.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mbolea ya dukani peke yake haikuurudisha udongo katika hali yake ya awali. Mali asili ya shambani ilipoongezwa, mavuno yalipanda kwa kati ya asilimia 57 na 167. Majani ya tithonia, yale maua ya manjano yanayoota kwenye nyua za magharibi mwa Kenya, yaliongeza mavuno kuliko vumbi la mbao, ingawa hata vumbi la mbao lilisaidia. Mboji hushikilia chakula kisioshwe na mvua, hupunguza makali ya alumini katika udongo wenye asidi, na huizuia fosforasi isinaswe yote na oksidi za chuma.

Fosforasi inastahili kutajwa peke yake. Katika udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya huwamo kwa kiasi, lakini chuma na alumini huishika kwa nguvu kiasi kwamba mmea haufikii. Kuvu za mizizi ndizo zinazoisaidia miti kuipata. Kuvu hizo zikivurugwa kwa kuchoma au kulima mara kwa mara, miche iliyopandwa upya hudumaa.

Hesabu ya kinachotoka

Uvunaji endelevu hupimwa kwa njia mbili. Ya kwanza, inayojulikana na wengi, ni kutokata mbao nyingi kuliko zinazoota. Ya pili haionekani kwa macho: kutoondoa chakula kingi kuliko kile kinacholetwa na mwamba, mvua na vumbi katika kipindi cha kusubiri miti ikomae. Shamba linaweza kufaulu mtihani wa kwanza katika vizazi viwili vya miti huku likishindwa wa pili, na dalili zikaonekana katika kizazi cha tatu, miche inapokua polepole bila ugonjwa unaojulikana.

Uchukuliwe mfano wa kufikirika. Iwapo uvunaji wa hekta moja utaondoa kilo 300 za kalsiamu baada ya miaka 30, hiyo ni kilo 10 kwa mwaka. Ikiwa mwamba na mvua kwa pamoja huleta kilo 4, udongo hupoteza kilo 6 kila mwaka. Mwenye shamba hataona lolote kwa muda, kwa sababu miti hutumia akiba. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Habari njema ni kwamba chakula hakikugawanywa sawasawa ndani ya mti. Mbao ya ndani ndiyo nzito kuliko sehemu nyingine zote, lakini kwa kila kilo ina chakula kidogo. Majani, vijiti na magome vina mara kadhaa zaidi, na magome hasa huwa na kalsiamu nyingi. Anayeondoa gogo lililomenywa na kuyaacha matawi, majani na magome yakisambaa pale pale huchukua thamani kubwa ya fedha na kuacha sehemu kubwa ya rutuba. Anayeondoa mti mzima, au kuyachoma mabaki katika rundo moja, huihamisha rutuba hiyo au kuipotezea mvua.

Umri wa mti nao una uzito. Mikaratusi inayokatwa kwa nguzo au kuni baada ya miaka michache ina sehemu kubwa zaidi ya magome na mbao changa, ambazo ndizo zenye chakula zaidi. Ardhi inayovunwa mara nne katika miaka 30 kwa kawaida hutoa rutuba nyingi kuliko ile iliyovunwa mara moja, hata kama uzito wa mbao ni sawa.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Vijiti na matawi ambayo udongo unayahitaji ndiyo kuni anayozitafuta mama wa Isukha au Tiriki ili chungu kichemke. Kumwambia ayaache bila kumpa njia nyingine ni kumbebesha yeye peke yake gharama ya kuulinda msitu. Mzigo huo unaweza kupunguzwa kwa majiko yanayotumia kuni kidogo, kwa miti ya kuni iliyopandwa mipakani mwa mashamba, na kwa kuyarudisha majivu ya jikoni shambani. Majivu huhifadhi kalsiamu, potasiamu na sehemu ya fosforasi, lakini nitrojeni huwa imekwenda na moshi.

Mafunzo kutoka ng'ambo

Nchini Marekani, katika msitu wa utafiti wa Hubbard Brook jimboni New Hampshire, watafiti walikata miti yote ya bonde dogo katika majira ya baridi ya mwaka 1965 na kuzuia mimea isiote tena kwa miaka mitatu. Nitrojeni katika kijito cha bonde hilo iliongezeka kwa makumi ya mara, na kalsiamu na potasiamu zikaoshwa pamoja nayo. Ilidhihirika kuwa hasara ya uvunaji haiishii kwenye gogo lililobebwa. Nyingine hutoka kwa maji ikiwa ardhi itaachwa wazi.

Katika msitu huo huo, mwaka 1999 helikopta ilimwaga unga wa madini ya kalsiamu silikati juu ya bonde jingine, ili kuirudisha kalsiamu iliyokuwa imeondolewa na mvua ya asidi kwa miongo mingi. Miti aina ya mepo iliyokuwa imedhoofika ilipata nafuu katika miaka iliyofuata. Upungufu wa madini unaweza kutibiwa, lakini kwa gharama isiyo ndogo.

Sweden, nchi inayotegemea sana mazao ya misitu, imejadili kwa miaka mingi iwapo matawi na visiki vichukuliwe kuwa nishati, kwa sababu kasi ya kuchakaa kwa mwamba ndiyo inayoweka kikomo. Wanaoruhusu uchukuaji huo hupendekeza majivu yarudishwe msituni.

Kinachowezekana Kakamega

Sheria ya uhifadhi wa misitu ya mwaka 2016 inataka misitu ya umma iwe na mipango ya usimamizi, na inatambua vyama vya jamii vya misitu. Februari 2018 serikali ilisitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii. Julai 2023 Rais William Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo, akieleza kuwa miti iliyokomaa ilikuwa ikiozea mashambani, na tangazo hilo likapingwa mahakamani mwaka huo huo. Serikali pia imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Mjadala mwingi umekuwa juu ya idadi ya miti inayokatwa na inayopandwa, na udongo umetajwa kwa nadra.

Kwa mashamba ya miti ya kupandwa yaliyo pembeni mwa msitu na kwa wakulima wenye vishamba vya mikaratusi, hatua zinazosaidia si ngumu kueleweka. Magome yamenywe shambani, si kiwandani. Mabaki yasambazwe badala ya kuchomwa. Uvunaji ufanywe wakati wa kiangazi, matrekta yasipite kila mahali, na ukanda wa miti uachwe kando ya mito. Ardhi isikae wazi, bali ipandwe mapema, ikichanganywa na mimea ya jamii ya mikunde. Miti iachwe ikomae kadiri mfuko unavyoruhusu. Katika mfumo wa shamba, ambapo wakulima hupanda mahindi na maharagwe kati ya miche kwa miaka michache, mabua yabaki ardhini, kwa maana mazao hayo nayo huchukua chakula kile kile.

Udongo upimwe kabla ya kuvuna na kabla ya kupanda. Penye asidi kali, chokaa kama ile inayochimbwa Koru katika Kaunti ya Kisumu hupunguza makali na kuongeza kalsiamu. Penye upungufu wa fosforasi, mawe ya fosfeti ya Minjingu nchini Tanzania yamejaribiwa magharibi mwa Kenya na kuonekana kufaa katika udongo wenye asidi, kwa sababu asidi hiyo hiyo huyayeyusha polepole.

Kwa msitu wa kiasili hesabu ni fupi zaidi. Mwamba ulio chini yake umekwisha kutoa sehemu kubwa ya ulichokuwa nacho, na sentimita moja ya udongo huweza kuchukua karne kadhaa kutengenezwa. Chakula kinachozilisha familia za pembezoni kwa njia ya mvua, maji ya mito na mboji kimo ndani ya miti iliyosimama na majani yaliyolala chini yake. Mashamba yaliyofyekwa miaka 100 iliyopita bado yanaendelea kuilipa hasara hiyo kila msimu wa mavuno.